Alichoitikia Kavindu

Mama mkwe mtarajiwa hakumpa Kavindu mkono. Alimpa kikombe cha chai, akamkagua masikio, la kulia kwanza kisha la kushoto, halafu akamgeukia dada yake na kusema jambo ambalo meza nzima ililisikia isipokuwa mwenye masikio hayo.

Meza ikacheka.

Kavindu akacheka pia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu darasa la nne alikuwa amejifunza kucheka watu wanapocheka. Aliichukia tabia hiyo. Kila mara ilipomtoka alijidharau, ingawa leo alikuwa na watu wengine wengi wa kuwadharau, na dharau yake ilitosha kuwafikia wote.

"Wakya, mwaitu," alisalimia kwa Kikamba, kwa heshima ya mtoto kwa mama.

"Aa," mama mkwe huyo, Kalekye, akaitikia, macho yakiwa yameshahamia kwa mtu mwingine.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, nyumbani kwa kina Jonah Musyimi, Nunguni. Mbuzi wa ntheo, wa kuhalalisha uchumba kimila, walikuwa wamepelekwa Kabati kwa kina Kavindu tangu Agosti, wakaliwa, wazee wakabariki. Harusi ya kanisani ilibakiza wiki tatu. Siku hii ilikuwa ya familia ya mwanaume kumkaribisha mke wao, na Jonah alikuwa ameipanga kwa maneno matamu, ameketi mbele ya cherehani ya Kavindu, mikono yao ikiwa imeshikana juu ya kitambaa cha sare za shule.

"Watu kumi na wawili tu," alikuwa amemwambia. "Sebuleni. Hakuna muziki. Utaketi umeupa ukuta mgongo, mimi nitakaa mbele yako. Kila mtu ataongea kwa zamu. Ukipotea, nitazame."

Kavindu aliposhuka kwenye gari la Nzuki, mume wa dada yake, asubuhi hiyo, baridi ya milimani ikimpiga usoni, alikuta hema la watu zaidi ya themanini. Alikuta spika mbili ndefu kumzidi yeye, jenereta ikinguruma nyuma ya jiko, kwaya ya kina mama wa kanisa wakijaribu maiki, na shangazi zake Jonah wakigonga sufuria kana kwamba zimewakosea.

"Mama aliongeza wageni kidogo," Jonah alisema, akitazama viatu vyake.

"Kidogo?"

"Usikasirike, mpenzi. Ni furaha tu."

Watu wengi hudhani kwamba vifaa vya kusikia ni kama miwani, ukivaa basi umepona. Vile vya Kavindu, vidogo, vya rangi ya kahawia, vilikuwa vizuri, na fundi wake alikuwa amevirekebisha mara tatu vipunguze kelele za nyuma. Lakini mashine haijui ni sauti ya nani unayoitamani. Ilimletea Jonah, na ilimletea jenereta, mtoto anayelia na kijiko kinachoanguka, vyote kwa pamoja. Chumbani, akiwa na mtu mmoja uso kwa uso, Kavindu hakupoteza neno. Ndani ya hema hilo maneno yalimfikia yamekatika. Sauti za s, f na t zilizama zote, zikabaki a na o na u zikielea hewani, na pengo lililobaki alilazimika kulijaza kwa macho, kwa kutazama midomo ya watu waliokuwa wakitafuna.

Ndugu wa Jonah hawakulijua hilo, na hawakutaka kulijua. Tangu asubuhi walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza walimwona mjinga. Wa pili, waliokuwa wamemsikia akizungumza vizuri kabisa na Jonah getini kulikokuwa kimya, walimwona mjanja.

"Anasikia anachotaka," shangazi mmoja alisema. Maneno hayo Kavindu aliyasoma mdomoni mwake bila shida yoyote.

Akamtazama mwanamke huyo kuanzia kitambaa cha kichwa hadi malapa, taratibu, mpaka mwanamke akageuka.

Angeondoka saa hiyo hiyo kama si kwa Jonah. Alimpenda. Mwaka mmoja na nusu uliopita, mwalimu huyu wa hesabu wa sekondari ya Kabati alikuwa ameingia dukani kwake kushonewa suruali, akauliza swali cherehani ikiwa inakimbia. Kavindu alipoisimamisha ili amsikie, Jonah alielewa bila kuelezwa. Siku ya pili alipokuja, kabla hajafungua kinywa, alinyoosha mkono na kuzima cherehani kwenye swichi ya ukutani. Ndipo akasema, "Habari ya leo?" Hakuna mwanaume aliyekuwa amewahi kumfanyia jambo dogo kama hilo, na halikuwa dogo hata kidogo. Usiku huo hakulala vizuri.

"Wewe ukinisikiliza," Jonah alimwambia baadaye, "unanitazama mpaka najisikia kama nimebaki peke yangu Ukambani."

Alikuwa na midomo mizuri, iliyosema kila neno kikamilifu. Kavindu aliijua kuliko alivyoijua mikono yake mwenyewe. Kwa ajili ya midomo hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki, katikati ya hema, mgongo ukiwa wazi kwa watu arobaini asiowaona, akanywa chai iliyopoa.

Shangazi yule yule aliinama mezani. Alikuwa ana kipande cha nyama shavuni. Midomo yake ikafunguka, ikafungika, na Kavindu akapata kitu kama *mama*, kitu kama *lini*.

Mdomoni, mama na baba ni neno moja. Hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha. Kavindu akamtafuta Jonah. Jonah alipaswa kuwa mbele yake, lakini alikuwa meza ya pili, katikati ya binamu zake, akicheka na soda mkononi. Kwaya ikapandisha sauti.

"Atakuja siku ya harusi," Kavindu akajibu, akitabasamu. "Leo miguu inamsumbua."

 Meza ikalipuka. Shangazi alijipiga mapaja. Kalekye alifunika mdomo kwa leso. Mtu akakimbia kuisimulia meza ya pili, na meza ya pili nayo ikacheka.

Ndinda, dada yake mkubwa, alimshika bega na kumsemea sikioni polepole. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Amekuuliza baba alikufa lini."

Baba yao alizikwa Kabati miaka sita iliyopita. Kavindu aliinua macho, akamwona Jonah. Alikuwa akicheka pamoja na binamu zake. Macho yao yalipokutana aliacha, akakohoa, akauweka uso wake vizuri kama mtu anayevaa koti. Akainuka na kuja kuketi mbele yake, mahali alipopaswa kuwa tangu mwanzo.

"Pole," midomo yake ilisema. "Niko hapa sasa."

Na kwa aibu yake, Kavindu alishukuru. Alishukuru kama mtu aliyekuwa akizama. Kuanzia hapo hakujaribu tena kusoma mdomo wa mtu mwingine yeyote. Mtu akiongea, alimtazama Jonah. Kama ni swali, Jonah alilirudia bila sauti, neno kwa neno. Kama ni salamu au baraka tu, alitikisa kichwa, naye Kavindu akatikisa chake. Hivyo ndivyo walivyofanya kanisani, sokoni na kwenye harusi za watu. Ulikuwa mpango wao wa wawili, na haukuwahi kumwangusha.

Mjomba Mwangangi, msema chochote wa siku hiyo, mtu aliyeamini kuwa maiki inapaswa kumezwa, akasimama na kutangaza jambo. Spika zikapiga mluzi uliomchoma Kavindu hadi kwenye meno. Kalekye akapewa maiki. Aliongea kirefu, maiki ikiwa imemziba mdomo wote, macho yakiwa kwa wageni. Mwishoni alimgeukia Kavindu na kusubiri. Hema zima likamgeukia.

Kavindu akamtazama Jonah.

Jonah alikuwa na jasho juu ya mdomo, katika baridi ya Nunguni. Hakurudia maneno yoyote. Alitikisa kichwa.

Kavindu akatikisa chake.

Vigelegele vikapanda, vikageuka ndani ya masikio yake kuwa mabati yanayoburutwa. Watu walisimama. Mjomba Mwangangi alimfunga kanga mabegani. Kalekye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alimpa mkono. Baraka gani hii ya kuwachanganya watu kiasi hiki? Kavindu alimtafuta Ndinda ili acheke naye, akamkuta Ndinda amesimama mdomo wazi. Ndinda alichomoa simu, akaandika haraka, akamsukumia mbele ya macho.

*Kavindu umerogwa? Umekubali kufunga duka na kuhamia hapa kumtunza mamake?*

Alisoma mara mbili. Akaweka kikombe chini taratibu. Akamwashiria Jonah kwa kidole kimoja, jinsi mtu anavyomwita mwanafunzi, akatangulia kuingia ndani ya nyumba.

Mlango wa kwanza alioukuta ulikuwa wa stoo. Ilijaa magunia ya maharagwe mpaka karibu na dari, na magunia hayo yaliimeza kelele yote ya nje. Jonah alipofunga mlango, Kavindu alisikia pumzi yake. Alisikia anavyomeza mate.

"Mama yako aliniuliza nini?"

"Si ni yale mambo ya kawaida ya wazazi tu..."

"Jonah. Humu ndani nakusikia vizuri sana. Usipoteze nafasi hii."

 Jonah akajaribu kumshika mikono, naye akairudisha nyuma.

"Aliuliza kama utakubali kuja kukaa naye," alisema hatimaye. "Uache duka. Ni kwa muda tu, Kavindu. Mimi ningeomba uhamisho nije shule ya hapa baadaye. Mama yuko peke yake."

"Mama yako asubuhi amebeba gunia la viazi kichwani mbele yangu."

"Unajua alivyo. Asingekubali harusi bila hilo."

"Kwa nini hukuniuliza mimi? Dukani kwangu? Kumekuwa kimya kule mwaka mzima na nusu."

"Ningekuuliza ungekataa!"

Alilisema kwa nguvu, kisha akajisikia mwenyewe. Kavindu hakupepesa. Alimtazama mdomoni kama siku zote, na ajabu ni kwamba midomo ilikuwa ile ile, mizuri vile vile. Kifua chake kiliuma kwa kuitamani, na wakati huo huo kilijaa kitu kingine kizito, baridi, kilichosimama wima.

"Kwa hiyo ukangoja mpaka nisiweze kusikia."

"Sikungoja. Ilitokea tu. Nikaona ni rahisi."

"Rahisi." Alilirudia neno hilo kama mtu anayepima kitambaa kilichooza. "Hawa wa nje wananicheka kwa sababu hawajui kitu. Nawadharau, lakini nawaelewa. Wewe unajua. Unajua nasikia wapi na wapi sisikii, unajua mpaka dakika nachoka. Ulijifunza yote hayo vizuri, mwalimu, ili uje uyatumie hivi?"

"Hata wewe Kavindu, usijifanye," Jonah alisema, uso ukimwiva. "Wakati mwingine unasikia unachotaka."

Basi huo ukawa mwisho. Kavindu alivua kanga, akaikunja mara nne pembe kwa pembe, kama anavyokunja kazi ya mteja, akaiweka juu ya gunia.

"Pisha."

Hakurudi mezani. Alizunguka nyuma ya jiko, akapita kati ya wapishi, akainama kwenye jenereta na kuizima.

Spika zilikufa katikati ya wimbo. Watu walipiga kelele kidogo, wakaulizana, wakatafuta wa kulaumu, kisha wakaanza kunyamaza mmoja mmoja walipomwona akija. Alibeba kigoda cha jikoni. Alikiweka mbele ya Kalekye, karibu mpaka magoti yao yakagusana, akaketi mahali ambapo mwanga ulimwangukia mama huyo usoni.

"Mwaitu," alisema, "naomba uniulize tena lile swali."

"NIMESHAULIZA!" Kalekye alipaza sauti, akivuta kila silabi kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "UME-SHA-KUBALI!"

Mtu akacheka nyuma. Kavindu hakugeuka.

"Usipige kelele, mwaitu. Ukipiga kelele mdomo wako unaharibika, siusomi. Ongea kama unavyoongea na watu wenye akili."

Kicheko cha nyuma kilikatika. Kalekye alimkazia macho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa kahawa na kabichi, na haikuwa kawaida yake kuambiwa aongee vipi. Lakini alishusha sauti.

"Nimeuliza kama uko tayari kufunga duka lako, uje ukae na mimi hapa baada ya harusi."

"Nashukuru kwa kuniuliza," Kavindu alijibu. "Sitaki."

Hema likaguna. Mjomba Mwangangi akaipapasa maiki, akakumbuka haina umeme.

"Na kile kichwa ulichotikisa?"

"Sikukusikia. Nilimtazama Jonah aniambie umesema nini, naye akanitikisia kichwa. Nilidhani unanibariki."

 Kalekye aliinua macho taratibu, akayapeleka mpaka mlangoni mwa nyumba, ambako mwanawe alikuwa amesimama na vumbi la magunia kwenye suti.

"Jonah. Mwezi wa sita uliniambia huyu msichana amekubali. Uliniambia ni yeye mwenyewe aliyetaka."

"Mama, tuongee ndani..."

"Nimeita watu themanini kumshukuru mbele yao. Nimemshukuru kwa jambo ambalo halijui?"

"Mama, nilikuwa natafuta njia..."

"Nyamaza." Alilisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baba yako alikuwa mlevi, lakini alinidanganya mimi mwenyewe, usoni. Hakumtumia kilema kubeba uongo wake."

"Mimi si kilema, mwaitu," Kavindu alisema.

"Najua." Kalekye alimrudia. Macho yake hayakuwa na huruma, na Kavindu aligundua kwamba alifurahi kutoiona. "Mimi sikupendi, nikuambie ukweli. Una kiburi, na unamtazama mwanangu mdomoni mbele ya mchungaji kama unayetaka kumnyang'anya chakula."

"Ndivyo ninavyosikia."

"Sasa nimejua. Bado sikupendi." Alinyoosha leso magotini. "Lakini nilikuuliza swali ili ulijibu. Sikukuuliza ili uibiwe jibu."

Katika siku nzima, hayo ndiyo maneno pekee yaliyomfanya Kavindu asikie macho yakimlowa. Aliinamisha kichwa, safari hii akijua anachokiitikia, akasimama. Ndinda alikuwa ameshabeba mikoba yote miwili. Nzuki alikuwa ameshawasha gari. Hakuna aliyewazuia. Yule shangazi wa nyama alisogeza kiti chake kuwapisha, na Kavindu akapita bila kumpa hata jicho, maana alikuwa ameshamtazama vya kutosha asubuhi.

Nje ya hema upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, ukivuma moja kwa moja kwenye vifaa vyake. Alitembea kuelekea getini akiwa hasikii kingine. Ndipo Ndinda alipomvuta mkono na kuonyesha nyuma kwa kidevu.

Jonah alikuwa anawafuata mbio, mdomo wake ukienda. Bila shaka alikuwa anaongea tangu hemani, na alikuwa anauongelesha mgongo. Mwaka mmoja na nusu hakuwahi kufanya kosa hilo. Leo alikuwa amesahau kila kitu.

Kavindu alisimama. Alimngoja afike, azunguke, asimame mbele yake.

"Nakupenda," Jonah alisema akihema. Machozi yalikuwa yamemjaa kweli, na Kavindu hakuwa na shaka kwamba alikuwa anasema kweli. "Kavindu, usiniache kwa jambo moja. Nitamwambia mama, nitawaambia wote. Sikutaka kukuumiza. Nilidhani ukishafika hapa utazoea."

Kavindu alimtazama. Aliitazama ile midomo, akaitazama kwa muda mrefu, mpaka mwanaume akadhani upepo umeyachukua maneno yake. Basi akakumbuka. Akasogea karibu, akaugeuzia uso wake kwenye mwanga, akasema polepole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akifanya zamani dukani.

"Nilidhani. Ukishafika hapa. Utazoea."

"Nilikusikia mara ya kwanza, Jonah," Kavindu alisema.

Akaingia garini, akafunga mlango.